Kulinganisha Ubora wa Picha wa Filamu za Mtandaoni na za Diski Nyumbani: Mwongozo Kamili

Filamu ile ile inaweza kuandikwa "4K" kwenye ukurasa wa huduma ya mtandaoni na kuandikwa "4K" kwenye kasha la diski, na bado picha mbili zinazofika kwenye skrini zikatofautiana kiasi cha kuonekana na mtazamaji makini bila kuambiwa. Maandishi hayo yanataja idadi ya pikseli peke yake, yaani 3840 kwa 2160, na hayasemi lolote kuhusu kiasi cha data kilichotumika kuzijaza pikseli hizo. Wakati huohuo, wengi wanaosimulia tofauti kubwa kati ya diski na mtandao huwa wameona tofauti ya mipangilio: programu iliyomo ndani ya runinga ilikuwa kwenye modi moja ya picha, na tundu la HDMI lililounganishwa na deki lilikuwa kwenye modi nyingine kabisa. Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili, nazo zifuatwe kwa mpangilio huu: kwanza ziondolewe tofauti za uongo, kisha zitafutwe za kweli katika matukio ambayo huzifichua.

Kinachotofautiana hasa

Picha ya 4K yenye biti 10 kwa kila rangi, ikipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde na rangi zake zikiwa zimepunguzwa kwa utaratibu wa 4:2:0 unaotumiwa na diski na mtandao vilevile, ingehitaji takribani gigabiti 3 kwa kila sekunde kama isingebanwa. Hakuna njia yoyote ya nyumbani inayobeba mzigo huo, kwa hiyo filamu zote tunazotazama zimebanwa, na swali ni zimebanwa kwa kiasi gani. Huduma za mtandaoni kwa kawaida hutuma 4K kwa takribani megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, na Netflix yenyewe hupendekeza intaneti ya megabiti 15 au zaidi kwa ajili hiyo. Diski ya Ultra HD Blu-ray, aina iliyoingia sokoni mwaka 2016, ina nafasi ya gigabaiti 50, 66 au 100, na ile kubwa inaruhusu hadi megabiti 144 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja, ingawa wastani wa filamu nyingi huwa chini sana ya kilele hicho. Tukichukua megabiti 15 kwa mtandao na 60 kwa diski, data asilia imebanwa mara 200 upande mmoja na mara 50 upande wa pili.

Hata hivyo, megabiti hazilinganishwi kwa kuzihesabu tu, kwa sababu kodeki, yaani mbinu ya kubana picha, nayo ina umri na uwezo wake. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, hutumia MPEG-2 na haivuki megabiti 9.8 kwa sekunde za picha. Blu-ray ya kawaida, ya mwaka 2006, aghalabu hutumia H.264 na inaruhusiwa kufika megabiti 40. Ultra HD Blu-ray hutumia HEVC, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2013 kwa lengo la kutoa ubora wa H.264 kwa nusu ya data yake. Huduma za mtandaoni hutumia HEVC pia, na baadhi zimehamia AV1 iliyotolewa mwaka 2018.

Mfano mmoja wa hesabu unaonyesha kwa nini jambo hili huwashangaza watu. Chukua Blu-ray ya kawaida ya 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080, yenye wastani wa megabiti 30, uilinganishe na mtiririko wa 4K, yaani filamu inayotumwa mtandaoni huku ikitazamwa, wa megabiti 15. Ya kwanza ina takribani biti 0.6 kwa kila pikseli ya kila fremu, ilhali ya pili ina takribani 0.075, yaani mara nane pungufu. Hata ukiipa HEVC sifa yake yote ya kubana mara mbili zaidi, kila pikseli ya mtandaoni bado imepewa robo tu ya ilichopewa pikseli ya diski. Ndiyo maana diski ya kizazi kilichopita, yenye pikseli chache mara nne, huweza kuonekana imara zaidi pale picha inapochafuka kwa mvua au moshi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni filamu ile ile kweli

Jina moja la filamu linaweza kuficha matoleo kadhaa ya picha. Filamu ya zamani inaweza kuwa ilichukuliwa upya kutoka kwenye utepe wake wa asili na kusafishwa, toleo hilo jipya likapelekwa mtandaoni, huku diski iliyopo madukani ikiwa bado na picha iliyotengenezwa miaka mingi kabla. Kinyume chake hutokea pia. Ukilinganisha matoleo ya namna hiyo utakuwa unapima kazi ya studio, na njia ya usambazaji itakuwa haijaguswa hata kidogo.

Angalia mambo manne. Umbo la picha liwe sawa, kwa maana kwamba mikanda myeusi ya juu na chini iwe na upana uleule kwa pande zote mbili. Rangi ya jumla ya tukio moja lenye mwanga wa mchana iwe ya mwelekeo mmoja, maana ikiwa upande mmoja umeegemea kijani na mwingine manjano, huenda kila toleo lilisawazishwa rangi na mtu wake. Urefu wa filamu ufanane, kwani DVD za mfumo wa PAL huchezesha filamu ya fremu 24 kwa fremu 25, na filamu ya dakika 120 huishia karibu dakika 115. Mwisho, pande zote ziwe na HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwangaza na rangi, au zote zisiwe nayo.

Fahamu pia kwamba filamu nyingi za enzi ya kidijitali zilikamilishwa studioni kwa upana wa pikseli 2048 tu, kisha zikakuzwa hadi 4K kwa ajili ya nyumbani. Kwa filamu za aina hiyo, usitafute ukali wa ziada katika nyuzi za nguo au majani ya mbali, kwa sababu haukuwemo tangu mwanzo. Faida ya diski ya 4K hapo itakuwa kwenye mwangaza, rangi na uhafifu wa mbano.

Hatua ya pili: hakikisha kinachofika ni kile unachodhani kinafika

Upande wa mtandao ndio wenye mitego mingi. Huduma nyingi hutoa 4K kwa kifurushi cha juu pekee. Kwenye kompyuta, kivinjari huweza kuzuiwa na ulinzi wa hakimiliki kisipokee zaidi ya 1080p au hata 720p, ingawa skrini na intaneti vinaweza kubeba zaidi, kwa hiyo kompyuta si chombo cha kuaminika kwa zoezi hili. Kisanduku cha nje kinahitaji kupitia tundu la HDMI linalokubali HDCP 2.2, yaani ulinzi wa hakimiliki unaopita ndani ya kebo, na kama kuna redio ya sinema katikati, yaani kifaa kinachopokea picha na sauti na kuendesha spika, nayo iwe inakubali hivyohivyo. Juu ya hayo, runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tundu la HDMI lililowekewa mpaka, na HDR kamili haipiti hadi uingie kwenye mipangilio ya nje na kuruhusu mawimbi yaliyoboreshwa kwa tundu hilo. Deki nayo inakumbwa na mpaka huohuo, na mtu anaweza kutazama diski ya 4K kwa muda mrefu bila HDR asijue.

Baada ya hapo, soma kilichopo. Kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga huonyesha idadi ya pikseli, kasi ya fremu na aina ya HDR inayopokelewa. Usiishie hapo, kwa sababu kisanduku cha nje huweza kutuma 4K kwenda kwenye runinga huku filamu yenyewe ikipokelewa kwa 1080p na kukuzwa njiani. Programu kadhaa zina ukurasa wa takwimu unaotaja kiwango halisi cha data. Pale usipokuwepo, ruta inaweza kukupa jibu. Zima vifaa vingine vyote vinavyotumia intaneti, acha filamu iende dakika tano ili mtiririko upande hadi kiwango chake cha juu, kisha soma matumizi ya data kwa dakika kumi zinazofuata. Ukikuta yametumika gigabaiti 1.2, zidisha kwa 8 kupata gigabiti 9.6, gawa kwa sekunde 600, na utapata wastani wa megabiti 16 kwa sekunde. Programu hupakua mbele ya unachotazama, kwa hiyo kipimo cha dakika ishirini ni cha kuaminika kuliko cha kumi.

Kule kusubiri dakika tano si urasimu. Mtiririko wa mtandaoni hubadilika kulingana na hali ya laini: mara nyingi huanza kwa nakala nyepesi ili filamu ifunguke haraka, halafu hupanda ngazi kwa ngazi kadiri laini inavyothibitika kuwa imara. Anayehukumu kwa tukio la ufunguzi anahukumu nakala ambayo pengine hataiona tena hadi mwisho wa filamu. Vilevile, kurudisha nyuma au kuruka mbele kunaweza kuuangusha mtiririko kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo kila unapotaka kutazama kipande fulani, anza dakika moja au mbili kabla yake. Tumia waya badala ya Wi-Fi ikiwezekana. Tundu la waya la runinga nyingi lina mwisho wa megabiti 100, jambo linaloonekana la kizamani lakini linatosha kwa karibu kila huduma iliyopo.

Kwa upande wa diski, deki nyingi huonyesha kiwango cha data kinachopanda na kushuka ukibonyeza kitufe cha taarifa. Hapo hakuna cha kusubiri.

Hatua ya tatu: isawazishe runinga

Hii ndiyo hatua inayoharibu ulinganisho mwingi, na inastahili saa nzima ya kazi ya uangalifu.

Runinga ya kisasa haina seti moja ya mipangilio. Kila tundu la HDMI huweza kuwa na yake, programu za ndani huwa na zao, na ndani ya kila kimoja kuna seti tofauti ya picha ya kawaida, ya HDR10 na ya Dolby Vision, ambayo ni miundo miwili ya HDR. Unaporekebisha picha huku diski ikichezeshwa, programu ya mtandaoni inaweza kubaki kama ilivyotoka kiwandani, yaani ya baridi, yenye rangi kali na mwendo uliolainishwa. Kwa hiyo cheza filamu yenyewe kupitia kila njia, fungua menyu filamu ikiwa inaendelea, na andika kila thamani unayoiona. Karatasi yenye safu mbili itakuonyesha haraka wapi hazifanani.

Chagua modi inayoitwa Filmmaker Mode, ambayo muungano wa UHD Alliance uliitangaza mwaka 2019 kwa kusudi la kuzima uchakataji wa ziada, au kama haipo, chagua ile ya Cinema au Movie. Kisha zima kwa pande zote mbili ulainishaji wa mwendo, upunguzaji wa chenga wa aina zote, kontrasti inayojirekebisha, uokoaji wa umeme na kihisi cha mwanga wa chumba. Upunguzaji wa chenga uangaliwe kwa namna ya pekee, kwa kuwa hufuta punje za filamu ambazo diski imezihifadhi na wakati huohuo huficha miraba ya mtandao. Ukiuacha, unazikaribisha picha mbili zifanane kwa kuidhoofisha iliyo bora. Ukali wa picha urudishwe kwenye alama isiyoongeza kitu, ambayo kwa runinga nyingine ni sifuri na kwa nyingine ni namba ya katikati. Hakikisha pia picha haikuzwi ili kukata kingo zake, tabia iliyorithiwa kutoka runinga za zamani na ambayo huilazimisha kila pikseli kuchorwa upya.

Kasi ya fremu ni mtego wa peke yake. Filamu nyingi zimepigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na deki ya Blu-ray kwa kawaida hutuma 24 hizo kama zilivyo. Visanduku vingi vya mtandaoni hutuma 60 muda wote, na kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24, fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili. Kamera inapogeuka polepole utaona mwendo unasitasita, na ni rahisi kuulaumu mtandao kwa kosa la mpangilio mmoja. Tafuta kwenye kisanduku chaguo la kufuata kasi ya fremu ya filamu na lile la kufuata aina ya mwangaza wa filamu, uyawashe yote mawili. La pili likizimwa, kisanduku kinaweza kuigeuza kila picha ya kawaida kuwa HDR bandia.

Kuhusu HDR yenyewe, jihadhari na kulinganisha miundo badala ya vyanzo. Ikiwa mtandao unatoa Dolby Vision na diski ina HDR10 tu, tofauti ya mwangaza utakayoiona inaweza kutoka kwenye maelekezo ya ziada ambayo Dolby Vision huipa runinga tukio kwa tukio. Filamu nyingi husawazishwa studioni kwa kilele cha niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 1000 au 4000, na runinga isiyofika huko lazima iushushe mwangaza huo kwa hesabu zake yenyewe. Muundo ukibadilika, hesabu nazo hubadilika. Deki au kisanduku kikikuruhusu kulazimisha HDR10 kwa pande zote, fanya hivyo kwa muda wa jaribio, kisha uirudishe Dolby Vision utakapotazama kwa starehe.

Kuna njia ya mkato ya kukwepa nusu ya mashaka haya: baadhi ya deki za Ultra HD Blu-ray zina programu za huduma za mtandaoni ndani yake. Ukitumia deki ya namna hiyo kwa vyanzo vyote viwili, picha zote hupita kwenye kebo moja, tundu moja na seti moja ya mipangilio. Redio ya sinema inayopokea deki na kisanduku na kutoa kwa kebo moja husaidia kwa kiasi karibu sawa na hicho.

Hatua ya nne: chumba na umbali wa kukaa

Iache runinga iwake nusu saa kabla ya kuanza, punguza mwanga wa chumba, na yape macho dakika chache za kuzoea giza. Tofauti nyingi za mbano hukaa katika sehemu nyeusi za picha, na taa moja inayojirudisha kwenye kioo inatosha kuzifuta zote.

Umbali wahitaji maelezo marefu kidogo. Jicho lenye uwezo wa kawaida hutofautisha vitu vilivyoachana kwa takribani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa runinga ya inchi 65, hilo lina maana kwamba ukikaa zaidi ya mita 2.6 pikseli za 1080p hazitenganishiki tena, na ili pikseli zote za 4K zikufae itakubidi usogee hadi mita 1.3 hivi. Kwa inchi 55 ni mita 2.2 na 1.1. Wengi wanaokaa mita tatu au nne kutoka kwenye skrini wamekwisha kuipoteza tofauti ya pikseli, na huhitimisha kuwa basi hakuna tofauti yoyote ya kutafutwa.

Hitimisho hilo si sahihi. Kasoro za mbano ni kubwa kuliko pikseli. HEVC huigawa picha katika miraba inayoweza kufika pikseli 64 kwa 64, na data inapopungua, mipaka ya miraba hiyo au ya vipande vyake huanza kuonekana. Mikanda ya rangi kwenye anga huweza kuvuka skrini nzima. Kasoro za ukubwa huo hufika hadi kwenye kochi la nyuma kabisa. Kaa basi mahali unapokaa siku zote, kwa maana hukumu ya mtu aliyesimama karibu na kioo haitamsaidia atakayetazama filamu kutoka mita tatu.

Hatua ya tano: chagua vipande vinavyoibana kodeki

Kodeki hufanya kazi kwa kubashiri. Huchukua fremu iliyotangulia, hukisia inayofuata itakuwaje, na huhifadhi tofauti pekee. Watu wawili wanaozungumza mezani katika chumba chenye mwanga hubashirika kwa urahisi, na hapo mtiririko wa megabiti 15 huwa na data ya kutosha na kusaza. Weka kipande kimoja cha namna hiyo kwenye orodha yako kama kipimo cha usawa: kikionekana tofauti waziwazi kati ya diski na mtandao, basi hatua ya tatu haikukamilika na inabidi uirudie.

Vipande vingine vyote viwe vya yale yasiyobashirika. Mvua kubwa, mawimbi yanayovunjika, cheche za moto, theluji na majani ya mti mzima yanayotikiswa na upepo hubadilika kila fremu bila utaratibu, na kodeki hulazimika kutumia data mpya kwa karibu kila kona. Angalia kama matone yanabaki matone au yanayeyuka kuwa ukungu. Kamera inapopita haraka juu ya nyasi au umati, angalia kama nyasi zinapotea wakati wa mwendo na kurudi ghafla kamera inaposimama. Kurudi huko ghafla ndiyo dalili ya wazi kuliko zote ya upungufu wa data.

Matukio ya giza ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika zoezi hili. Kodeki hupenda kuokoa data mahali ambapo jicho linadhaniwa kuwa halitatazama, na vivuli huwa vya kwanza kuathirika. Tafuta uso ulioangaziwa nusu, ukuta mweusi wenye mwanga hafifu unaofifia, moshi katika chumba cheusi, tochi majini, au picha inayoibuka polepole kutoka kwenye weusi mtupu. Kwenye diski nzuri weusi huo una punje ndogo zinazocheza kwa usawa. Kwenye mtiririko dhaifu utaona madoa mapana yanayotambaa, kana kwamba kivuli kimekatwa viraka.

Kwa anga la jioni na ukungu, tazama mikanda ya rangi. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi na biti 10 hutoa 1024, kwa hiyo mikanda ilipaswa kupungua sana kwenye HDR, lakini mbano mkali huirudisha. Kabla ya kuutuhumu mtandao, angalia kama mikanda hiyohiyo ipo kwenye diski, kwa sababu huenda ilikuwemo tangu studioni au inatengenezwa na runinga yenyewe.

Punje za filamu iliyopigwa kwa utepe ni mtihani wa mwisho na mgumu kuliko yote, kwa kuwa punje ni mabadiliko ya nasibu katika picha nzima. Diski yenye data ya kutosha huzibeba. Mtandao hufanya moja kati ya mambo matatu: huzibeba vibaya zikageuka kuwa vumbi lililoganda, huzifuta mapema na kuacha ngozi za watu laini kama nta, au, kwa kutumia uwezo uliomo ndani ya AV1, huziondoa kabla ya kubana kisha huviachia vifaa vya mtazamaji kazi ya kuzitengeneza upya. Njia hiyo ya tatu mara nyingi hupendeza machoni, japokuwa punje unazoziona si zile zilizokuwa kwenye utepe.

Hatua ya sita: tazama bila kujua

Mtu anayejua kuwa anatazama diski aliyoinunua ataiona nzuri. Mwombe mtu wa pili akae na rimoti, arushe sarafu kuamua chanzo, na akuchezee kipande cha sekunde 20 hadi 30 huku wewe ukiwa umefumba macho hadi alama za HDR na majina ya programu zitoweke kwenye skrini. Sema ni kipi, yeye aandike, na mrudie mara kumi kwa kila kipande. Kupata tano au sita ni bahati. Uwezekano wa kupata tisa au zaidi kati ya kumi kwa kubahatisha ni takribani asilimia moja, kwa hiyo hapo tofauti unaiona kweli.

Usitegemee picha iliyosimamishwa. Fremu moja uliyoisimamisha kwenye diski inaweza kuwa iliyohifadhiwa nzima, na ile ya mtandaoni ikawa ya kubashiriwa kutoka kwa jirani zake, au kinyume chake. Na kuna kasoro zinazozaliwa na mwendo peke yake, hazipo kabisa picha ikitulia. Usitegemee pia picha za simu, kwa kuwa kamera hubadilisha mwangaza na rangi kila unapoielekeza kwenye skrini. Runinga mbili zilizowekwa sambamba nazo hazifai, hata zikiwa za jina moja.

Zima sauti wakati wote huu. Mtandao kwa kawaida hutoa Dolby Digital Plus isiyozidi kilobiti 768 kwa sekunde, ilhali diski hubeba sauti isiyopotezwa chochote ya Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio inayotumia megabiti kadhaa, na sauti iliyoshiba hulifanya jicho lione picha nzuri kuliko ilivyo. Ilinganishwe siku nyingine, kwa zoezi lake.

Kuyasoma matokeo

Aina ya skrini itaamua mengi. OLED, ambayo weusi wake ni wa kuzimika kabisa, hufichua kila doa kwenye vivuli na huwa kali kwa mitiririko dhaifu. LCD, skrini inayomulikwa kwa taa ya nyuma, isiyo na maeneo mengi ya kuzima mwanga huo huinua weusi kuwa kijivu, na kijivu hicho hufunika madoa mengi, kwa hiyo mwenye runinga hiyo asishangae akipata matokeo ya sarafu kwenye matukio ya giza. Projekta inayotoa picha ya inchi 100 na zaidi hukuza kila kitu, na hapo ndipo diski hujitetea vizuri kuliko mahali pengine popote.

Kwa maoni yangu, DVD haina tena hoja ya picha dhidi ya mtiririko mzuri wa 1080p. Pikseli 720 kwa 576 na kodeki ya miaka ya 1990 haziwezi kushindana, na sababu za kuitunza ni nyingine, kama filamu ambazo hazipatikani kwingine. Blu-ray ya kawaida dhidi ya 4K yenye HDR ya mtandaoni ni shindano la kweli: mtandao hushinda kwenye jua, moto na rangi za kina, diski hushinda kwenye punje, mvua na giza linalotembea, na anayetazama hasa filamu za zamani zilizopigwa kwa utepe atapendelea diski. Ultra HD Blu-ray hushinda zote mbili pale toleo la picha likiwa moja, ila ukubwa wa ushindi hutegemea filamu, na kwa vichekesho vilivyopigwa kwenye vyumba vyenye mwanga sioni sababu ya kutoa pesa ya ziada.

Usizichukulie huduma zote kuwa kitu kimoja. Sony Pictures Core hutangaza mtiririko wa hadi megabiti 80 kwa sekunde kwenye runinga za Bravia, na Kaleidescape hupakua filamu nzima kabla ya kutazamwa kwa ubora unaokaribiana na wa diski. Matokeo ya huduma moja hayasemi chochote kuhusu jirani yake, na hata ya huduma moja hayadumu, kwa sababu inaweza kuibana filamu upya kwa kodeki nyingine bila kutangaza. Rudia vipande vitatu vigumu zaidi saa za jioni ambapo laini ina watu wengi, ukisoma tena kiwango cha data kwenye ruta, na uweke tarehe pembeni ya kila jibu.